Samaki wa Ba na Taa Iliyokataa Kuvuka Saa Sita

Leo aibu imenikuta mchana kweupe, mbele ya watu waliokuwa wanakula samaki, ngege wa kukaanga. Naandika haraka kabla hamjapata habari kwa Adhiambo. Huyo ni mhudumu wa hoteli tunayofanya kazi, na wakati mambo yanatokea alikuwa na simu mkononi. Afadhali mnisikie mimi kwanza.

Mnanijua. Zaidi ya miaka ishirini nimelizunguka ziwa hili kama mtu aliyeangusha kitu majini. Mwanza nimekaa. Bukoba nimekaa. Entebbe nilikaa mpaka mwenye nyumba akanialika harusi ya bintiye. Kila nikifika mahali, naanza kukumbuka pale nilipotoka. Dada yangu wa mtaa wa Migosi, ambaye sasa nalala sebuleni kwake, ananiita jabayo, yaani mzururaji, na hangoji wageni waondoke ndipo aniite hivyo. Mwaka huu nikasema basi. Nimerudi Kisumu. Nitulie, nizeekee hapa.

Ndipo nikapata nafasi kwenye hoteli ya Bwana Jayesh, hapo mjini. Kazi ya kutunza vitu: mabomba, feni, viti vinavyolegea miguu, na zaidi ya yote lile tangi la kioo la samaki lililo karibu na mlango. Tangi hilo liliwekwa na marehemu baba yake. Samaki waliomo si wale wa mapambo wanaoletwa kwa ndege. Ni fulu, samaki wadogo wa ziwa letu, mgongo wa bluu, ubavu mwekundu. Nilipowaona nilisimama kama niliyekutana na watoto wa darasa langu. Tulikuwa tukiwavua kwa pini iliyopindwa. Kisha mbuta, yule samaki mkubwa mla wenzake, akawamaliza ziwani, na sisi tukatawanyika. (Nilitokwa na machozi. Nilisema ni vitunguu. Jikoni ni mbali sana na pale mlangoni.)

Bwana Jayesh hakuzunguka.

"Bwana, nakupa wiki moja nikuone. Ijumaa mama yangu anakuja kula, na yeye hukaa hapo kando ya samaki wa mzee. Ukifika Ijumaa tangi liko sawa, wewe ni wetu. Lisipokuwa sawa, tutasalimiana tu barabarani."

Jumatatu nikaanza kwa kishindo. Zamani taa ya tangi ilikuwa ikiwashwa kwa mkono, na mara nyingi ilisahaulika. Mimi jioni hiyo, jua likishazama, nikanunua taima, kile kidude cha kuchomeka ukutani kinachowasha na kuzima chenyewe. Kijana wa duka akakiwekea saa ya wakati ule, sawa na ya simu yake. Kilichobaki nikakiweka mwenyewe: taa iwake saa moja asubuhi, izimike saa kumi na mbili jioni, kama jua. Nikajipongeza. Nikamwonyesha kila mtu. Hata mpishi alitolewa jikoni aje kuona.

Jumanne, saa sita mchana, taa ikazima.

Nikabonyeza hapa na pale. Kimya. Nikaifungua, nikaipeleka kwa fundi wa Kibuye. Akaichomeka kwake, ikawaka kama jua la uwanda wa Kano.

"Omera, ndugu yangu, taa yako haina ugonjwa," akaniambia. "Labda wewe."

Nikairudisha hotelini, nikaichomeka pale pale. Haikuwaka. Asubuhi ya Jumatano nafika kazini, naikuta inawaka yenyewe, inanitazama. Saa sita ikazima tena. Nikabadilisha waya. Alhamisi, mchezo ule ule. Nikabadilisha adapta. Nikapangusa mvuke kwenye kifuniko. Nikamsingizia mende. (Nilimkuta mende kweli, lakini sasa naona hakuwa na hatia.)

Na jioni hiyo ya jana mlinzi wetu wa usiku, Mzee Okoth, akanivuta kando wakati anaingia zamu.

"Bwana, ile taa ya samaki inawaka usiku wa manane. Mimi naiona kwa dirisha. Kunang'aa humo ndani kama disko."

Nikacheka. Nikamshika bega, mimi, mtu wa siku nne kazini, nikamwambia, "Mzee wangu, hiyo ni ndoto. Kwa umri wako, kukesha ni kazi nzito."

Akaenda zake getini. Hilo bega nililolishika linanichoma mkono mpaka sasa.

Sasa tufike leo.

Nimeamka na akili moja: ni soketi. Taa ni nzima, waya ni mpya, adapta ni mpya, basi mchawi yuko ukutani. Nikafika mapema, nikavuta tangi kidogo, nikahamisha kila kitu kwenye soketi ya upande wa pili, ile ya friji ya soda. Taima langu pia nikalihamisha, kwa mikono miwili, kama yai. Kitu hicho pekee sikukishuku hata mara moja, maana nilikinunua mwenyewe. Taa ikawaka vizuri. Fulu wakazubaa tu pembeni, macho mazito. Nikafikiri ni furaha.

Watu wa mchana wakaanza kuingia. Kuna meza moja ya madalali wa mchele wa Ahero ambao hula hapo kila siku, na hao wamekuwa wakifuatilia ugonjwa wa taa kuliko mpira. Mnene wao anaitwa Baba Tito.

"Fundi! Leo inazima au haizimi?"

"Leo haizimi, Baba Tito."

"Jana ulisema hivyo."

"Jana sikuwa nimepata kiini. Leo nimekipata."

Wakati huo huo Bwana Jayesh akaingia na mama yake. Sisi wote tunamwita Ba, kama wanawe wanavyomwita. Ni mama mdogo wa mwili, sari nyeupe, raba miguuni. Alizaliwa hapa Kisumu na Kijaluo chake kinaweza kukupigia bei ukanunua usichotaka. Akaketi kando ya tangi, akaweka kiganja kwenye kioo, akawasalimu samaki. Kisha akanigeukia.

"Wewe ndiye mpya?"

"Ndiyo, Ba."

"Mwanangu ananiambia kila mchana samaki wangu wanakaa gizani."

Hapo ndipo ningepaswa kusema pole na kunyamaza. Lakini hoteli ilikuwa imejaa, Adhiambo alikuwa ameshatoa simu, na Baba Tito alikuwa ameacha kula. Mimi nikiona watu wananisikiliza, napoteza breki. Nikasimama mbele ya tangi. Nikainua mkono kama mhubiri wa stendi.

"Ba, na wateja wetu wote! Tatizo lilikuwa soketi. Nimelimaliza. Kuanzia leo taa hii haizimiki mpaka jioni. Ikizimika, mimi narudi Mwanza kwa miguu!"

Makofi! Nawaambia kweli, walipiga makofi. Jikoni redio ikaanza kupiga ile milio ya kukaribisha taarifa ya habari ya saa sita. Pii. Pii. Pii. Mkono wangu bado uko juu. Mlio wa mwisho ukatoka.

Taa ikazima.

Haikufifia. Haikumeta. Ilizima kama mtu aliyeambiwa.

Mtu akaangusha kijiko. Halafu Baba Tito, kwa sauti ya upole ya mtu anayekutakia heri:

"Fundi, ukifika Ahero upumzike kidogo. Jua ni kali. Halafu Kisii kuna mlima."

Hoteli ikapasuka. Mpishi alitoka jikoni na mwiko. Bwana Jayesh alifunika uso kwa menyu, na mimi nikaona wazi nafasi yangu inaondoka: kazi, tangi, chumba nilichokuwa nimeanza kukiulizia kule Migosi, yote yanapita mlangoni. Nikaanza kulaumu stima. Nikalaumu friji ya soda.

Ba peke yake hakucheka. Akauliza, "Kila siku inazima saa sita?"

"Kila siku, Ba."

"Saa sita kamili?"

"Kamili, Ba. Ndiyo maana nashangaa."

"Mgonjwa hazimii kwa saa, mwanangu. Kitu kinachozima kwa saa kimeambiwa na saa. Leta hicho kidude."

Nikachomoa taima, nikampa. Akavaa miwani. Akabonyeza, akasoma, akabonyeza tena. Midomo yake ikaanza kutetemeka.

"Ulitaka iwake saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi."

"Kwa hiyo ukaandika moja."

"Ndiyo. Moja."

"Na izime?"

"Saa kumi na mbili jioni. Nikaandika kumi na mbili." Nilikuwa bado najibu kwa kujiamini, ndugu zangu. Mungu ni shahidi.

"Mwanangu, hii mashine haijui Kiswahili. Moja yake ni saa saba ya usiku. Kumi na mbili yake ni saa sita ya mchana." Akavua miwani. "Wiki nzima samaki wa mume wangu umewapa zamu ya usiku!"

Hapo alicheka. Alicheka mpaka akashika kioo. Baba Tito alilala juu ya meza. Meza ya nyuma ilikuwa haijasikia, wakaelezwa, wakaanza kucheka upya wakati wengine wanapumzika, kwa hiyo kicheko hakikukatika. Na mimi nikageuka nikawatazama fulu wangu, wamejibanza kwenye kona, wanasinzia, ndipo nikakumbuka yale macho mazito ya asubuhi. Watoto wa darasa langu! Nimewakesheza kama walinzi wa benki.

Nilisubiri Bwana Jayesh aseme tutasalimiana barabarani. Akashusha menyu, akafuta machozi, akamtazama mama yake.

"Ba, unasemaje?"

"Alibadilisha nini na nini huyu?"

"Waya, adapta, soketi. Taa aliibeba mpaka Kibuye na kurudi."

"Na anakuja mapema?"

"Kabla yangu."

Ba akanitazama juu hadi chini. "Kwa kosa la kidole kimoja amefanya kazi ya watu watatu. Mtu kama huyu akipata kosa la kweli, si atalimaliza? Mpe kazi. Lakini saa nitaziweka mimi."

Akaziweka hapo hapo, mbele yangu, kwa sauti, kama anamfundisha mtoto: saba, kumi na nane. Taa ikawaka. Fulu mmoja dume akatoka kwenye kona, akanyoosha mapezi, bluu yake ikarudi. Sijui kama ilikuwa haki kumwamsha tena, lakini jamani, alikuwa mzuri.

Jioni nikamsubiri Mzee Okoth getini. Nikavua kofia.

"Mzee, nimekuja kuomba msamaha. Uliona kweli. Taa ilikuwa inawaka usiku."

"Najua niliona."

"Nimeitengeneza. Leo usiku kutakuwa na giza."

Akatazama kulia na kushoto.

"Asante, bwana. Ile taa ilikuwa inaninyima usingizi sana." Akashtuka. "Hiyo usimwambie Jayesh."

Sitamwambia. Nina kazi, nina mwenzangu getini, na kesho naenda kuona kile chumba. Dada yangu ameshasikia yote (Adhiambo, Mungu anakuona) na ameuliza swali moja tu: kwenda Mwanza naondoka lini. Basi mkipita hotelini, karibuni ngege, karibuni mtazame fulu. Ila mkitaka kunicheka, chekeni kwa sauti ya chini. Samaki wanalipa usingizi wa wiki nzima.