Likizo ya Susu Wavinya

Redio ya Kalunde, muuza chai wa soko la Mukuyuni, ilitangaza asubuhi kwamba wazee wanaoishi kwenye makao ya kuwatunza na kukosa usingizi usiku huingiwa na huzuni, mpaka kufunga vifungo vya shati kunawashinda. Benchi la wateja wake likaitisha kikao cha dharura. Walikuwepo wawili wa majina ya utani: Bunge, ambaye huongea akiwa amesimama, na Sindano, anayedunga mbuzi dawa. Munyao naye alikuwepo, lakini aliweka kikombe chini.

"Hiyo ni mamangu wanaongelea," alisema. "Tangu nimpeleke makao, usiku halali. Jumapili nilimkuta hajafunga hata leso ya kichwa. Namsalimia, ananiangalia kama mimi ni mtu wa sensa."

"Vitamini," Sindano alisema. "Mbuzi akikataa kula namdunga moja tu, jioni anaruka ua."

Bunge alisimama. "Bwana Spika, mama ya mtu si mbuzi! Aondoe hayo maneno."

"Nimeondoa. Lakini mbuzi alipona."

Kalunde aliacha kumimina chai. "Munyao, kwani mchana huwa anafanya nini?"

"Hakuna. Mimi mwenyewe nilikataza. Niliambia manesi, huyu amelima maisha yake yote, asiguse hata ufagio. Uji aletewe kitandani."

"Sasa mtu amelala mchana wote, usiku alale nini tena? Mamako, Susu Wavinya wetu sote, hajui kukaa bure. Hata kwa matanga ya babako alikuwa nyuma ya jikoni, anaambua mbaazi za wageni. Mpelekee mbaazi, na maganda yake."

"Watu wa kanisa wasikie mamangu anafanya kibarua makao?"

"Aibu ya kitaifa," Bunge alikubali. "Sisi tunaheshimu wazee. Hatuwaachi wafanye chochote."

Munyao alifikiri, kisha akampigia mamake simu na kuiweka spika ili wote wasikie.

"Mama, umelala vipi?"

"Sijui."

"Nikuletee soda?"

"Ukitaka."

"Ama mkate?"

Sindano alichora sindano hewani.

"Mama, nikileta mbaazi, utaambua?"

Bunge aliketi ili asikie vizuri, jambo ambalo halijawahi kuonekana.

"Mbaazi za wapi?" sauti iliuliza.

"Za shamba la kule chini."

"Ziko shambani mpaka saa hii? Munyao, si zitakauka! Leta gunia, si mfuko. Tuko wengi hapa, tunaangalia ukuta tu. Na uvune mwenyewe, bibi yako huchuma na matawi." Alivuta pumzi. "Na hao wanaume nasikia hapo, wamekaa tangu saa ngapi?"

Sindano alikumbuka mbuzi wa mtu anayengoja dawa, akaondoka. Bunge aliahirisha kikao hadi tarehe itakayotangazwa.

Munyao alikuwa ameshavuka barabara kuelekea shambani, spika bado imewashwa, akigombezwa mbele ya soko zima. Alikuwa anatabasamu.