Mapazia ya Bwana Kesho

Mwenye Nyumba alikuwa amesimama kwenye roshani ya ghorofa ya nne, kifua wazi, akijipepea kwa kifuniko cha sufuria. Chini mtaani, Bwana Kesho alisimama akamtazama kwa huruma. Huruma ya Bwana Kesho ni ya kuogopwa. Mara ya mwisho alipomwonea mtu huruma, mtu huyo alirudi kwake pekupeku.

Jina hilo alipewa mtaani, kwa kuwa kila alichoahidi kilikuwa cha kesho. Mali yake ilikuwa ulimi, chanuo, na dada mmoja fundi wa kushona aliyemlisha. Cherehani ya dada, ile nyeusi ya kukanyaga, aliachiwa na marehemu mama yao, na ndiyo iliyowakuza wote wawili.

Sasa, madirisha ya Mwenye Nyumba yalielekea machweo. Kila alasiri jua liliingia bila hodi na kukaa kama shemeji asiye na kazi. Feni angeweza kununua, lakini feni inakula umeme, na Mwenye Nyumba hakupenda kulisha chochote.

Bwana Kesho akapanda ngazi na pazia begani. Hili si pazia la kawaida, alieleza. Mbele kitambaa, nyuma kitambaa, katikati blanketi na karatasi ya kung'aa inayolirudisha jua lilikotoka. Hakueleza kwamba hilo la mfano lilikuwa mashuka mawili makuukuu, na kwamba ndani ya pindo mlikuwa na mfuko wa barafu.

"Weka mkono hapa nyuma, mzee wangu."

Mzee akaweka, akafumba macho kama anayeombewa dua. Mara tone la maji likamdondokea kidoleni.

"Na haya maji?"

"Ndilo joto lenyewe hilo," alisema Bwana Kesho bila kupepesa macho. "Limegonga, limeshindwa, sasa linalia."

Mwenye Nyumba akataka ya madirisha yote. Kutanguliza malipo alikataa, ila stoo alikuwa na mablanketi mazito, mapya, aliyoyapata kwa bei ya kutupa hoteli moja ilipofungwa, hayo yatumike. Akadai na rehani, mapazia yasipofanya kazi abaki na kitu. Bwana Kesho akaweka rehani cherehani, kwa moyo mweupe wa mtu anayetoa kisicho chake.

Nyumbani alimweleza dada mpango wote, isipokuwa hiyo rehani. Ndani ya mapazia itiwe mifuko ya plastiki. Mablanketi yafungwe robota, yaende kwa muuza mitumba, ambako robota hununuliwa likiwa limefungwa, na anayetaka kuchungulia huambiwa aende dukani. Dada alinung'unika, akazoea kama alivyozoea mengine.

Siku iliyofuata, ndugu mtu akiwa matembezini, Mwenye Nyumba akaja kukagua rehani yake. Akazungusha gurudumu la cherehani, akaikagua miguu kama anayenunua mbuzi. Mapazia yakiwa mabaya, alisema, hii naondoka nayo. Au ndugu yako hakukwambia? Dada akajibu kwamba aliambiwa. Mgeni alipotoka, dada aliifuta alama za vidole vyake kwenye cherehani ya mama, iliyowekwa rehani bila yeye kuulizwa. Iliuma, na iliuma kwelikweli. Alilia kidogo, akafuta pua, kisha akachukua mkasi na kukata blanketi la kwanza.

Alishona kama aliyelaaniwa. Blanketi na karatasi alizishika kwa mishono ya miraba ili zisiteremke na kujikusanya chini, sindano zikavunjika, akabadilisha. Robota nalo alilijaza mifuko, vipande na matambara mpaka likawa na uzito wa heshima.

"Zito," Bwana Kesho alisifu akilibeba. Muuza mitumba akampa badala yake suti ya sufu, koti, kizibao na suruali, naye akaivaa palepale. Hakusubiri mapazia yatundikwe. Alikwenda kujificha upande wa pili wa mji, chumba cha bati kisichopitisha hata upepo wa kuzima kibiriti.

Mapazia aliyatundika dada. Alasiri ile Mwenye Nyumba alisinzia kitini, akaamka akiomba shati. Akayataka kwa nyumba zake zote, akaenda vibanda vyote na vinyozi wote akimuulizia yule kijana wa ajabu.

Dada alipompelekea ndugu yake chakula, alimkuta ndani ya suti, akichuruzika.

"Vipi huko?"

"Mwenye Nyumba anakutafuta mji mzima. Ameapa hatulii mpaka akutie mikononi."

Hapakuwa na neno la uongo hapo.

"Na yule wa mitumba?"

"Huyo ndiyo kabisa. Anatembea na rungu."

Bwana Kesho akafungua kifungo kimoja cha kizibao. "Na cherehani? Ameiulizia?"

"Ameiulizia. Nikamwambia bado nina kazi nayo." Na kazi ilikuwepo, tele, hata ameajiri washonaji wawili.

Jua likapenya dirishani, likamkuta na kizibao chake.

"Dada yangu, niletee japo pazia moja nitundike hapa."

"La nini? Si yamejaa mifuko?" Dada alikusanya vyombo vyake. Mlangoni akageuka. "Ila usijali. Wewe nitakushonea la kweli, lenye blanketi."

"Lini?"

"Kesho."