Uzi Mwekundu Kwenye Kigingi Changu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Umenitupa! Mimi, bibi yako mzaa mama, niliyekubeba mpaka mgongo ukachukua umbo lako. Kifaranga ulichokiacha hapa na manyoya ya njano sasa ni kuku mzima, mweusi, mkali, anaatamia mayai yake mwenyewe. Wewe hujaonekana. Kazi, unasema. Kazi gani hiyo isiyo na mlango wa kutokea?

Uliniachia daftari ukasema, Bibi, andika kila linalotokea, nikija nitasoma. Haya, naandika. Shule sikuikanyaga. Herufi ulinifundisha wewe, kwa mkaa, kwenye sakafu ya jikoni, ukiwa huna hata meno ya mbele. Kwa hiyo ukikuta makosa, mlaumu mwalimu.

Leo kuna dhuluma. Kamati ya gati imekaa kikao. Gati unalikumbuka: mbao, vigingi vya kufungia mashua, na kila mtu anafunga pake tangu enzi za babu yako. Sasa wanasema vigingi ni vya umma, mashua zimezidi vigingi, lazima vigawanywe kwa haki. Haki! Na nani mwenyekiti wa haki hiyo? Wifi yangu! Dada wa marehemu babu yako, yuleyule aliyeazima sufuria yangu kubwa kwenye harusi ya mama yako, na mpaka leo anaipikia.

Sikwenda. Nimesusa. Nilikaa dirishani nikasusa waziwazi ili wote wanione.

Kikao kilipokwisha, msimamizi wa gati akapita kigingi kwa kigingi. Huyu tunamwita Filimbi, maana anapuliza filimbi hata mtu akipiga chafya. Kwenye fundo la kila kamba akafunga uzi mwekundu. Na kwenye kamba yangu pia! Moyo ukatulia. Kumbe wameona aibu, wametutambua wenye vigingi vyetu. Mwenye uzi, kigingi ni chake. Asiye na uzi, akatafute matete ya kufungia.

Sikumuuliza mtu. Niulize nini na macho ninayo?

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeamkia gatini kukagua uzi. Upo! Nikatoa maji mashuani kwa beseni. (Mashua haivuji. Inatoka jasho.) Nikamsalimu kuku mweusi aliyeatamia nyuma, chini ya ubao wa kukalia. Akanidonoa. Tunapendana.

Kisha nikawaza. Mvua je? Watoto je? Watu wenye vijicho je? Nikaufunika uzi wangu kwa mfuko wa plastiki, nikaufunga vizuri juu na chini. Mtoto mmoja alikaa karibu na kigingi kula muwa. Nikamfukuza. Akaniuliza amefanya nini. Nikamwambia bado hajafanya, ndiyo maana namfukuza mapema.

Sasa sikia utamu. Wifi alirudi ziwani na mashua yake ya injini, nikaangalia kamba yake. Hakuna uzi! Umekatika alipofungua fundo asubuhi! Mwenyekiti mzima! Nikamwambia kwa sauti ya huruma kabisa, pole wifi, naona umepoteza kitu. Akatazama kamba, akatazama mfuko wangu wa plastiki, akacheka mpaka akashika kiuno. Akasema yeye hana haja ya kupewa pole, nijipe mwenyewe.

Mtu amenyang'anywa haki yake, anacheka. Cheo kimempanda kichwani.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Leo nimekasirika mpaka chai imenipalia.

Mama Pacha unamjua? Ulipoondoka alikuwa na tumbo tu. Sasa ana mapacha wawili, mume kamkimbia, na anavua mwenyewe. Kigingi hana. Anafika ng'ambo ile kwenye matete, anashuka kwenye tope mpaka magotini, mabeseni ya samaki kichwani, pacha mmoja mgongoni na mwingine analia kwenye mashua. Leo kateleza. Beseni zima la samaki likarudi majini, na samaki hawakuaga.

Nilikimbia, miguu hii hii mibovu. Nikaingia topeni na gauni langu. Nikambeba pacha, nikabeba na beseni, nikawa nawatukana wote waliomfikisha hapo. Nikasema ni ukatili! Mama wa watoto wawili analala kwenye tope na kuna watu wamekalia vigingi wasivyovitumia! Watu wasio na haya! Ningewajua ningewatoa mmoja mmoja kwa mwiko!

Mama Pacha alikuwa anaiangalia mashua yetu.

Nikamweleza kwamba yetu ni suala tofauti kabisa. Kwanza kuku anaatamia. Pili, kigingi kile ni cha mjukuu wangu. Nikamsimulia siku ile ulipoondoka kwenda kusoma, babu yako anapiga kasia, wewe umekaa mbele umegeuka nyuma, ukanipigia kelele kwamba Bibi, nafasi yetu usimwachie mtu, nitakuja kufunga hapo hapo. Sijaiachia. Babu yako amekufa, sijaiachia. Mama Pacha akasema shikamoo na asante, bibi, akaenda kupara samaki wake waliobaki. Nikawapikia mapacha uji. Wanakula kama wachimba kisima.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimefanya wema mkubwa na hakuna anayejua. Nakuambia wewe tu.

Nimekagua gati lote mchana watu wakiwa wamelala baada ya chakula. Balaa! Karibu kila mtu uzi wake umekatika. Watu hawa hawajui kutunza kitu. Seremala hana uzi, na ana mke mgonjwa. Kinyozi hana, na yule ndiye aliyemnyoa babu yako siku yake ya mwisho akakataa malipo. Mzee anayeshona nyavu hana, na haoni vizuri, maskini, hata hajui kama amepoteza. Kesho kutwa kamati inatangaza majina, watakosa vigingi wote!

Nikarudi nyumbani, nikachukua uzi mwekundu kwenye kopo langu la sindano, nikawafungia wote watatu. Fundo langu lile la mizunguko miwili na kitanzi, halifunguki hata kwa meno. Wifi sikumfungia. Nina huruma, lakini sijakosa akili.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Filimbi amekagua asubuhi mapema, kabla mashua hazijatoka. Nilimsubiri kigingini na kikombe cha chai.

Akauona mfuko wa plastiki, akakuna kichwa. Akaniuliza kama ni mimi niliyefunika. Nikasema kwa mikono yangu hii. Akaniuliza, bibi, tangu Jumatatu uzi huu hujafunguliwa hata mara moja? Nikaapa! Nikamwambia hata nzi hajatua juu yake. Akasema basi mashua haijatoka kabisa. Nikasema itoke iende wapi? Imetulia kama msikitini.

Akanywa chai yote. Akanishika mkono, akasema katika wote wa hapa mimi ndiye niliyemrahisishia kazi. Yule kijana nilikuwa namwonea bure. Ana adabu.

Nimepiga pasi gauni la bluu. Kesho sisusi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siwezi kuandika. Nimekasirika.

Naandika.

Nilikaa mstari wa mbele kabisa, ndani ya ghala la nyavu, gauni la bluu, kichwa juu. Wifi akasimama na miwani puani, akasema wafuatao wamepoteza vigingi, vitakwenda kwa wanaosubiri. Akatutaja. Seremala. Kinyozi. Mzee wa nyavu. Na mimi!

Ghala likalipuka. Seremala akapiga kelele kwamba yeye Jumatano alikuwa ziwani, na samaki wake mwenyekiti huyo huyo kawala! Kinyozi akamshika Filimbi kola, akamwita mwongo, akamwambia arudishe filimbi na kazi yenyewe. Filimbi anasema nyuzi ameziona kwa macho yake, ni nzima zote nne.

Mimi nikasimama. Ningekaaje? Wanaonewa! Nikasema, enyi kamati, mna vichwa au mna vifuniko? Hawa wana nyuzi! Wasio na nyuzi ndio wa kutolewa, tukianza na wewe wifi! Na hawa watatu najua wanazo, kwa sababu zilipokatika nimewafungia mimi, kwa uzi wangu, kwa mkono wangu!

Hata mapacha waliacha kulia.

Kisha mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, na kicheko kikasambaa kama moto kwenye nyasi kavu. Filimbi akanieleza taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Uzi ulifungwa ili ukatike. Mashua ikitoka, fundo linafunguliwa, uzi unakatika. Uzi ukibaki mzima wiki nzima, basi mashua inakaa bure, na kigingi anapewa mwenye shida nacho. Ilielezwa vizuri Jumatatu. Kwenye kikao. Kile nilichosusa.

Wifi akasema waliamua hivyo ili asije mtu akadai ameonewa, uzi wenyewe ndio useme. Seremala na wenzake wakarudishiwa vigingi vyao. Kinyozi akamwachia Filimbi kola, hata akamnyooshea shati. Nikabaki peke yangu, na mfuko wangu wa plastiki.

Nikawaambia kigingi ni cha mjukuu wangu, ana ahadi nacho. Wifi akavua miwani. Akasema kwa upole, wifi, huyo mjukuu mara ya mwisho alikuja kwa basi.

Nakuuliza wewe: kwa nini ulikuja kwa basi?

Kigingi kapewa Mama Pacha.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Tumeihamisha mashua. Nilisema siendi, nikaenda kuwasimamia wasiivunje. Seremala, kinyozi na Filimbi wakaivuta mpaka ufukweni chini ya dirisha langu, palipolala mashua nyingine kuukuu. Kuku hakunyanyuka hata kidogo. Alivutwa naye kama malkia, anatukoromea.

Halafu nikakaa kwenye jiwe kuangalia. Mama Pacha akaja na mashua yake, akafunga kwenye kigingi chetu. Akashuka mguu mkavu. Beseni kichwani, pacha huku, pacha kule, anatembea juu ya mbao kama anaenda harusini. Moshi uliniingia machoni. Ndiyo, najua hakukuwa na moto. Moshi mwingine hutoka mbali.

Akaja na samaki watatu wakubwa. Akasema, bibi, siku mjukuu wako akija kwa maji, hata kama ni saa ngapi, mimi nasogea, anafunga yeye. Nikamwambia asogee asisogee shauri yake, lakini watoto wale wakipeleka njaa yao kwingine badala ya jikoni kwangu nitamchapa.

Jioni wifi kaniletea sufuria yangu. Bila mfuniko! Kigingi kachukua chote, sufuria karudisha nusu.

Jambo moja nimejifunza, liandike kichwani: dunia ina alama, na mwenye macho anazisoma mapema.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Dhuluma nyingine! Hata wiki haijaisha!

Asubuhi kamati imekaa kikao kuhusu ufukwe. Nimesusa, bila shaka. Ningeenda nichekwe tena? Nilikaa dirishani. Kikao kilipokwisha, Filimbi kapita ufukweni na kopo la chokaa na brashi, anaweka doa jeupe kwenye mashua kuukuu. Hii doa, ile doa. Amefika kwenye yetu, akaizunguka, akagonga ubao, akamwangalia kuku, akatabasamu, akapita. Bila doa!

Yaani wameninyang'anya kigingi, na sasa wananinyima na doa! Wote wenzangu wametambuliwa, mashua yangu imerukwa kama dimbwi!

Sikumuuliza mtu. Nimeingia ndani, nikachukua chokaa iliyobaki tulipopaka jiko, nikaweka madoa matatu. Moja mbele, moja nyuma, moja ubavuni, kubwa kama sahani. Haki haisubiriwi.

Sasa ni alasiri. Kuna jamaa wawili wamefika na misumeno na mkokoteni. Watakuwa mafundi. Wameanza na mashua ya jirani, yenye doa, na mbao zake wamezipanga vizuri kwenye mkokoteni, nadhani wanakwenda kuzirandia kwingine. Zisizo na doa hawazigusi hata. Uonevu mtupu! Mama Pacha yuko gatini, kwenye kigingi chetu, ananipungia mikono yote miwili na kupiga kelele sijui nini. Nimempungia pia. Ana furaha leo, mtoto wa watu.

Wamemaliza ya jirani. Wanakuja kwetu. Kuku amesimama.

Sasa wewe sikia. Ukija, usithubutu kuja kwa basi. Njoo kwa maji, piga kelele kutoka mbali, Mama Pacha atasogea, funga pale pale ulipoahidi. Na uniletee kopo kubwa la chokaa, hii yangu imeisha. Njoo upesi tu, mke mwenzangu, maana huyu mwenye msumeno ameshaanza kunieleza jambo, na nimemwambia anyamaze, afanye kazi.