Disketi Tatu za Dishon

Mvua ilipoharibu barabara ya Usenge na samaki wa watu, mbuta wanono, wakaanza kunuka ndani ya malori yaliyokwama, ufuo mzima wa ziwa ulilia isipokuwa Dishon. Yeye alivaa tai. Msiba wa wengine, kwake, ulikuwa mwaliko wa kazi.

Alishuka kutoka Kisumu macho yakiwa kwenye kitu kimoja tu: injini mpya ya mashua ya Mama Adero, mchuuzi mkubwa wa samaki. Mama alikuwa amenunua injini kabla ya mashua, kama mtu anayenunua tandiko kabla ya punda.

"Mama, samaki wako watafika Kisumu kwa ndege isiyo na rubani. Mimi nina kila kitu, nakosa injini tu."

"Na nani ataendesha?"

Dishon alitoa disketi tatu mfukoni, taratibu, kwa heshima ya padri altareni. "Hizi. Ndani kuna programu ya usalama. Kila moja inafikiria kivyake. Moja ikikosea, zile mbili zinaipigia kura."

"Na zikihongwa?"

"Mama! Hii ni kompyuta, si uchaguzi."

Mama Adero alicheka mpaka akafuta machozi. "Sawa, Baba. Jenga kwanza mwili ya ndege hapa nione. Injini nitaleta."

Mtego haunasi bila chambo. Dishon akauza redio, saa, hata viatu vyake vya ngozi, akanunua mbao. Alikuwa amependekeza makaratasi magumu, lakini Mama alikataa kabisa.

"Mbao ya mvule. Na uzibe nyufa vizuri. Huko juu si kuna mvua?"

Alipomaliza, injini ikaletwa, ikafungwa nyuma. Dishon akakohoa kitaalamu. "Sasa lazima niipeleke Kisumu ikafunzwe."

"Ya nini? Kompyuta iko kwa mfuko yako. Na hapa kwetu chombo mpya, fundi ndiye anapanda kwanza, peke yake. Kama hajaziba vizuri, azame na kazi yake."

"Hii ni ndege, Mama."

"Basi aanguke na kazi yake."

Peke yake! Na injini! Ziwani! Dishon alifurahi hadi akaona haya. Akapanga disketi zake mbele, akaketi. Akina mama wa ufuoni wakasukuma. Mabawa ya fito na wavu aliyokuwa amebandika ubavuni yaling'oka pale pale mchangani, lakini hakujali. Alikuwa akikata maji kuelekea Kisumu, akipunga mkono kama mbunge.

Injini ikakohoa, ikanyamaza. Mama Adero alikuwa ametia petroli ya kikombe kimoja cha chai, na kasia hakumpa.

Wavuvi walipomvuta hadi ufuoni, Mama alipapasa mbao kwa ndani. Hakuna tone lililoingia. "Ero kamano, fundi," alimshukuru, na kwa kweli alishukuru kwa moyo wote. Juu ya yale mabawa yaliyobaki mchangani, dagaa wa omena walikuwa wameshaanikwa.

Dishon alishika njia ya matope, tai shingoni, miguu mitupu.

"Dishon, ngoja!" Mama alisimama ndani ya chombo, disketi mkononi. "Hizi kitu zako zimepiga kura. Zote tatu zinasema ni mashua!"