Mfereji Mzima Nyuma ya Trevor

Jumatatu, 9 Juni

Liverpool. Mvua. Magoti yalianza kuuma kabla sijapiga hatua.

Tuko kumi na wawili. Tunakimbia mbio za hisani kwa njia ya kando ya mfereji mpaka Leeds, tufike Jumamosi Mungu akipenda, na sidhani anapenda. Michango yote italipia mashua iliyokwisha kuagizwa, ya kuwatembeza wagonjwa wa ile nyumba ya Burnley wanakouguzwa wasio na tumaini la kupona. Glenda wangu alifia humo Novemba. Kitanda chake kilitazama mfereji. Alikuwa akisoma kwa sauti majina ya mashua zinazopita, na mengine akiyacheka mpaka anakohoa.

Muuguzi mkuu ametangaza: atakayefika Leeds wa kwanza ndiye atakayeipa mashua jina. Itaitwa Glenda. Nimeapa.

Tatizo ni Trevor, shemeji yangu, kaka yake Glenda. Naye anakimbia. Bi Pickup wa baa kanihakikishia kwamba Trevor ataiita Monty. Monty ni mbwa wake! Kumuuliza mwenyewe siwezi. Hatusemezani tangu mazishi, aliponiambia mbele ya watu kuwa nimemzika dada yake kwa mikate ya mayai, bila paja la nguruwe ambalo huku ndilo heshima ya msiba, kama mtu asiye na kwao. Mayai aliyapenda Glenda. Lakini nani aliuliza?

Jumanne, 10 Juni

Jana Trevor aliniacha mbali. Ana magoti ya kijana, sijui kayaiba wapi.

Mpango! Kwa nini nikimbie, na mashua zina injini? Alfajiri, Trevor akiwa bado anakoroma pale tulipolala wote, nikaomba lifti kwenye mashua ya mzee Tattersall na mkewe. Nikajilaza ndani na kujifunika blanketi. Raha!

Nilisahau mambo mawili. Kwanza, mashua hizi zina mwendo wa mzee anayekwenda kuchukua pensheni. Pili, Wigan. Malango ishirini na moja ya kuipandisha mashua kilimani, moja baada ya jingine! Bi Tattersall akanivua blanketi na kunikabidhi mpini wa chuma wa kufungulia maji. Nikamwambia mimi ni abiria. Akasema, "Abiria wako kwenye basi, mwanangu. Haya, sukuma!"

Nimesukuma mpaka jioni. Mzee Tattersall alishika usukani na kikombe cha chai. Kwenye lango la tisa akatokea Trevor, kwa miguu, anatafuna pai. Akaiweka pai chini, akaegemeza mgongo kwenye boriti ya lango, tukasukuma wawili mpaka likaachia. Akasema, "Mgongo, Keith, si mikono." Kisha akaenda zake. Dharau iliyoje! Nimelala na mikono isiyoweza kushika kijiko.

Alhamisi, 12 Juni

Burnley. Njia inapita chini ya dirisha lile. Nilipanga kukimbia bila kutazama juu. Nikatazama. Kitandani kuna mtu mwingine sasa, bibi mwenye kofia ya sufu. Akanipungia mkono. Nikampungia. Halafu nikalia, kwa kelele, kama mtoto aliyepotea sokoni, mpaka bwana mmoja mwenye fimbo ya kuvulia samaki akahama pale alipokaa. Nimemkumbuka mke wangu. Basi.

Mbele kidogo nikamwona Trevor. Kakaa juu ya ukuta, kichwa kati ya magoti, mabega yanatikisika. Pumzi zimemwisha! Ndipo ujue magoti si kila kitu. Nikanyata nyuma yake, viatu mkononi, nikampita. Naongoza! Siku njema kuliko zote tangu Novemba, ingawa sijui kwa nini chakula hakikushuka.

Ijumaa, 13 Juni

Maafa.

Karibu na Gargrave bata maji, yule mkubwa mweupe wa shingo ndefu, kalala njiani na watoto wake, mbawa wazi. Nikampa mkate wangu ili anipishe. Akaula, akataka na mkono. Nikarudi nyuma hatua moja ambayo haikuwepo. Ndani ya mfereji!

Nilipiga kelele kwamba nazama. Trevor akafika, akasema, "Simama, shemeji." Nikasimama. Maji ya kiunoni. Akaninyooshea mkono. Huo mkono niliushuku, kwa hiyo nikavuka upande wa pili.

Upande wa pili hauna njia. Mtoto yeyote wa huku kwetu anajua hilo. Zamani farasi walivuta mashua upande mmoja tu, na upande wa pili ni bustani za watu, upupu na ng'ombe. Nikapita kwenye vitanda vya kabeji vya mama mmoja. Akanifuata na ufagio, akiniita mwizi mwenye chupi ya baiskeli. Daraja lilikuwa mbali sana.

Ajabu ni kwamba Trevor hakukimbia. Alitembea ng'ambo, sambamba na mimi, hatua kwa hatua. Kila nilipokwama, akasimama. Akapaza sauti, "Keith, rudi majini, utaumia bure!" Mtego. Nikaendelea. Akasema, "Kuhusu jina la ile mashua, nataka tuongee." Nikamwambia sitaki kusikia jina la mbwa. Akauliza, "Mbwa gani?" Mnafiki! Nikaziba masikio na kuimba wimbo wa kanisani, beti zote ninazozijua. Nilipozibua, nimefika darajani, naye alikuwa amenitundikia soksi kavu kwenye ukingo. Mwenyewe hayupo tena. Nimezivaa. Zinapwaya.

Jumamosi, 14 Juni

Leeds. Trevor wa kwanza. Mimi wa mwisho, nyuma ya mama anayetembelea magongo.

Muuguzi mkuu alikuwa amesubiri wote tufike. Akamwuliza Trevor jina. Trevor akavua kofia, akasema, "Glenda." Watu wakapiga makofi. Mimi nikakaa chini, kwenye mawe yenye maji. Trevor akaja, akaniwekea mkono begani, na nikauacha ukae pale.

Jumatatu, 16 Juni

Nimekwenda kuiona mashua inavyoandikwa. GLENDA, kwa herufi nyekundu, nzuri mno. Lakini baada ya jina fundi kaacha nafasi kubwa tupu! Nikamwuliza ya nini. Akasema ni agizo la Trevor: jina la ukoo lisiandikwe mpaka mwenyewe aje aseme liandikwe lipi.

Mwenyewe! Yaani yeye Trevor. Ataandika Clegg, jina lao la kuzaliwa, kana kwamba Glenda hakuwa Bi Haslam, kwa jina langu, miaka yote ile. Na tangu asubuhi ananipigia simu bila kukoma. Anataka kunicheka. Sipokei ng'o.

Nimenunua kopo la rangi. Nyekundu imekwisha dukani, walikuwa na ya kijani ya kupaka uzio tu. Kesho fundi akienda kula, nitaandika HASLAM mimi mwenyewe. Sijawahi kuandika herufi kwa brashi, lakini ina ugumu gani?