Radi na Kompyuta Iliyovaa Nailoni

Chini ya jua hili yuko mwanamume mmoja tu aliyewahi kupiga marufuku pasi ya nguo ili pasi ya mpira ifike. Mwanamume huyo ni Radi.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alijipa mwenyewe, akalitangaza mwenyewe, na aliyesahau kulitumia alikumbushwa mpaka akazoea. Kazini alikuwa karani wa masjala, kazi yake kutafuta mafaili. Faili ulilomwomba Jumatatu, ukilipata Alhamisi, mshukuru Mungu wala usiulize maswali! Lakini kwenye gemu la mpira la kompyuta, kwa maneno yake mwenyewe, vidole vyake vilikwenda kasi mpaka vinatoa cheche.

"Siku nikiamua," aliwaambia wenzake, "hata refa ataomba poo!"

Tabu ni kwamba siku ya kuamua ilikuwa haifiki. Kwenye chumba cha mapumziko cha ofisi alifungwa na dereva. Akafungwa na mlinzi. Akafungwa na Mama Stoo, mama mtu mzima anayetunza karatasi na wino, mwenye miwani ya kamba shingoni, anayecheza huku akiuliza ni nani kaondoka na mkasi wake.

Kila akifungwa, Radi alinyanyua mikono juu kama aliyeonewa mahakamani.

"Si mimi, jamani! Kompyuta inakwama! Nimebonyeza leo, mchezaji atapiga keshokutwa!"

Ukaja wakati wa mashindano ya gemu hilo baina ya ofisi na ofisi. Kila ofisi ilitakiwa itoe nahodha. Mkuu wa Ofisi alitaka kumwandika Mama Stoo bila maneno mengi, ila Radi alisimama.

"Mkuu, huyu mama hanifungi mimi, anayenifunga ni huyu kobe wa kompyuta ya ofisi! Jumamosi mchana njooni kwangu. Mimi nina mashine. Akinifunga kwangu, unahodha achukue, na sitatia neno tena."

"Hutatia neno?" Mkuu aliuliza, macho yakimng'aa. "Hata moja?"

"Hata nusu!"

Kwa ajili ya utulivu wa masikio tu, Mkuu alikubali. Na jioni ile ile, mechi ikiwa bado haijachezwa, Radi alifika nyumbani akamwambia mama mkwe wake, aliyekuwa amekuja kumtazama binti yake, kwamba ofisi imemchagua yeye kuwa nahodha.

"Hongera, mwanangu," mama mkwe alisema. "Mungu akikupa, pokea kwa mikono miwili."

Sasa hapo Radi alikuwa ameshajifunga kamba, na kitanzi amekikaza mwenyewe. Maana kompyuta ya nyumbani ilikwama kuliko ya ofisini! Kipa aliruka wakati mpira umeshaingia wavuni, umejinyoosha, na usingizi umeupitia.

Na sababu ilikuwa pale pale mezani, kila mtu anaiona isipokuwa mwenye nyumba. Kwa Radi, kitu kikishanunuliwa hakivuliwi nailoni yake ya dukani. Makochi yalikuwa na nailoni. Rimoti ilikuwa na nailoni. Saa ya ukutani ilikuwa na nailoni, ukitaka kujua saa ngapi unabahatisha. Nayo kompyuta, mashine inayovuta pumzi kwa matundu ya mgongoni, ilikuwa ndani ya mfuko wake, imezungushiwa utepe wa gundi, nyaya tu ndizo zimechungulia nje. Ilikuwa "mpya" kwa mwaka wa tatu.

Radi alimpigia simu fundi wa kompyuta.

"Ilete niitoe vumbi," fundi alisema. "Mara nyingi ni joto tu."

"Vumbi? Ndugu yangu, kompyuta yangu haijui hata vumbi linafananaje! Iko kwenye nailoni yake."

Fundi akasema pole pole:

"Bosi, itoe hiyo nailoni."

"Niitoe! Halafu wageni watajuaje kama ni mpya?"

"Itakosa hewa, bosi."

"Hayo mambo madogo. Mimi nipe mambo makubwa, ya kitaalamu!"

Fundi akaomba radhi, akasema ana mteja. Radi akakata simu, akatikisa kichwa kwa huruma. Siku hizi, alimwambia mkewe, mafundi hawasomi.

Basi akaitibu mwenyewe. Aliweka programu ya kusafisha kompyuta. Haikutosha, akaweka ya pili ya kuisimamia ya kwanza, na ya tatu ya kuamulia ugomvi. Zote zikawa zinafanya kazi kwa wakati mmoja, na kompyuta ikazidi kusota. Akapunguza ubora wa picha ili mashine isichoke. Wachezaji wakapoteza pua. Akapunguza tena, wakapoteza nyuso. Kufikia Alhamisi mpira ulikuwa na pembe nne, na watazamaji uwanjani wamegeuka ukuta usiopigwa rangi.

Halafu akageukia umeme na mtandao wa nyumba. Akicheza gemu, mtu asiguse pasi, asiguse blenda, wala simu isishike intaneti!

"Baba watoto," mkewe alisema, ameshika shati lililokunjamana kama karatasi ya sambusa ya jana, "na nguo za ibada je?"

"Mungu anatazama moyo, mke wangu. Mikunjo haitazami."

"Na hilo shati lako la kupokea wageni?"

Radi alilitazama lile shati. "Hilo lipige. Lakini haraka!"

Jumamosi wakafika: Mkuu, dereva, mlinzi na Mama Stoo na miwani yake. Walikaa kwenye makochi, na kila aliyejisogeza nailoni ililia kwaru! Joto lilikuwa kali. Mama mkwe akapewa kiti cha pembeni, karibu na kompyuta, ashuhudie mkwewe akitukuka.

Mechi ikaanza. Kama ni kuanza! Mchezaji alinyanyua mguu, akatafakari, akaushusha. Mpira ulikwama hewani, watu wakamaliza salamu zote za nyumbani ukiwa bado haujatua. Kipindi cha kwanza kikaisha sifuri kwa sifuri, na Radi akafuta jasho kwa furaha.

"Mmeona? Mama Stoo ameshindwa kunifunga!"

"Radi," Mkuu alisema, "hii si mechi, hii ni albamu ya picha. Kama mashine yako ndiyo hii, namwandika Mama Stoo sasa hivi tuondoke."

Radi alihisi unahodha unamponyoka mbele ya mkwe. Kompyuta nayo ilikuwa inanguruma kama ndege iliyonyimwa ruhusa ya kuruka. Mama mkwe, aliyelea watoto wanane, aliinyoshea mkono akaigusa.

"Mwanangu, huyu ana homa."

"Hapana, Mama, hiyo ndiyo kasi yake!"

"Kasi gani ya kuunguza mkono? Hata mtoto ukimfunika hivi atazimia."

Radi alitaka kuruka amzuie, lakini suruali ilikuwa imegandana na nailoni ya kochi. Alipobanduka, alikuwa amechelewa. Kraaa! Mama mkwe aliupasua ule mfuko toka juu mpaka chini, kwa utulivu wa mtu anayemenya ndizi. Radi aliguta kama aliyeibiwa mchana kweupe!

Lilitoka joto la kuanikia nguo. Mke akaleta feni. Wakaiacha mashine ipumzike, dereva akafuta zile programu tatu moja baada ya moja, akarudisha picha za kawaida. Wachezaji wakapata pua. Mpira ukapata uduara wake. Walipowasha tena, gemu lilikwenda laini kama maji mteremkoni.

Radi alisahau msiba wa nailoni papo hapo. Akasimama, akavunja vidole, kha, kha!

"Mechi ianze upya! Sasa mtamjua Radi!"

Wakamjua.

Miaka mitatu ya kukwama ilikuwa imemfundisha kubonyeza kila kitufe mara sita, ndipo mara moja isikike. Leo mashine ilisikia zote sita! Mshambuliaji wake alipiga, akapiga tena, akateleza, akamkwatua mwenzake, akageuka na kupiga kuelekea golini kwao. Bao! Beki wake akarudisha mpira kwa kipa mara sita, kipa akachoka kukataa. Bao! Mama Stoo alikuwa hafanyi juhudi kubwa. Alibonyeza mara moja moja, pole pole, kama anayegonga muhuri, huku akimuuliza mlinzi habari za mkasi.

Mabao yalikuwa tisa kwa bila. Matano Radi alijifunga mwenyewe.

Radi akaitazama mashine: baridi kabisa. Akautazama mtandao: umejaa. Taa ilikuwa inawaka. Akafungua mdomo.

"Hata nusu neno," Mkuu akamkumbusha.

Akaufunga. Mkuu akatoa fomu, akaandika jina la Mama Stoo, na mama mkwe akamtazama mkwewe bila kumuuliza kitu. Hilo ndilo lililomuuma kuliko mabao yote tisa.

"Imebaki nafasi moja," Mkuu alisema, akimwonea huruma. "Mtu wa kuwapelekea wachezaji maji."

Kidevu cha Radi kikapanda chenyewe.

"Mkuu, hapo sasa umemfikia mwenyewe! Kwa kupeleka maji, ofisi zote hizi hakuna wa kunikaribia!"

"Basi lete glasi moja hapa, tuone."

Radi akaingia jikoni. Wakasubiri. Dereva akapiga miayo. Wakasubiri tena. Mama Stoo akatafuta viatu vyake, akavivaa, akaaga. Mkuu akaaga. Wote walikuwa wameshafika barabarani Radi alipotokea, glasi mkononi, nusu ya maji iko kwenye shati.

"Wamekwenda wapi?"

Mama mkwe akaipokea ile glasi kwa mikono miwili, akanywa funda moja.

"Usijali, baba," alimwambia kwa upole. "Tutasema jikoni kulikuwa na mtandao mdogo."