Malalamiko Kuhusu Gari Langu Kuacha Kulia Kwenye Kona

Damiano Senyagwa,
Kilosa Mjini.

Mwenyekiti,
Umoja wa Mafundi wa Gereji za Maegesho ya Malori,
Mikumi.

YAH: FUNDI YARED KUONDOA MLIO WA GARI LANGU BILA KUISHIRIKISHA FAMILIA

Mzee Gerald, shikamoo.

Natumaini u mzima na gereji zinaendelea vizuri. Huku Kilosa afya zetu ni njema, ila nyumbani kwangu maelewano yamepungua, na chanzo ni fundi wako Yared. Naandika kwa heshima zote, kwa kuwa wewe ni mtu mzima mwenye wakwe na utanielewa.

Gari langu dogo jeupe unalifahamu, lile ninalopakia dawa za mifugo nikija mnadani. Kwa muda mrefu lilikuwa likilia kila linapokata kona ya kulia: ta-ta-ta-ta. Likinyooka, linanyamaza. Nililipeleka kwa Yared nikitegemea atasikiliza, atatikisa kichwa na kuniambia nitembee nalo hivyo hivyo, kama mafundi wengine walivyonifanyia. Badala yake alifanya kazi.

Alinipeleka kwenye uwanja ulio nyuma ya malori, akaniambia nikunje usukani wote kulia na nizunguke polepole. Yeye akawa anatembea pembeni, ameinama kama mtu aliyeangusha sindano. Akasema ugonjwa uko tairi la kushoto, kwa kuwa gari likikata kulia uzito unahamia kushoto. Nikamweleza kwamba mimi ndiye mwenye gari. Akafungua tairi, akanionyesha jointi iliyo mwisho wa shafti: mpira wake umepasuka, grisi yote imetoka, na mchanga wa barabarani umejaa ndani. Akafunga jointi mpya na mpira mpya. Nikarudi Kilosa kimya kimya, nikifurahi kama mjinga. Sasa madhara yake ni haya:

1. Jirani yangu Hussein ana beberu anayelala katikati ya kona ya kuingilia kwetu, ambayo ni ya kulia. Zamani akisikia ta-ta-ta-ta alikuwa anainuka mwenyewe na kupisha. Sasa haamki. Nalazimika kushuka na kumbembeleza, naye ananitazama kana kwamba nimeingia chumbani kwake. Hussein anasema mbuzi wake hana kosa, maana hakuarifiwa.

2. Mtaani imeenea habari kwamba nimeliuza gari. Brightness wa duka la kona alimpa mke wangu pole, na alitoa pole hiyo mbele ya wateja.

3. Hili ndilo zito. Mke wangu Lea ni mjamzito na siku zake zimekaribia. Mama yake alishuka kutoka Mamboya ili amsaidie kujifungua na kumwogesha mtoto, maana huyu ni mtoto wetu wa kwanza na Lea hamtaki mtu mwingine. Unajua taratibu zetu za mkwe. Hatutazamani usoni, hatuli pamoja, na salamu tunapeana ukuta ukiwa katikati. Utaratibu huo ulikwenda vizuri kwa sababu gari lilikuwa likibisha hodi pale konani. Mama mkwe alipata nafasi ya kuinuka, kujifunga kanga yake vizuri na kwenda uani. Mimi naingia, namwamkia kupitia ukutani, anaitikia, kila mtu anabaki na heshima yake.

Siku niliyotoka kwa Yared nilifika mapema, kabla ya jioni, nikakata kona bila sauti yoyote. Nilimkuta mama mkwe barazani kwangu, amekaa kwenye mkeka, kanga imemteleza mabegani, miguu kainyoosha, na mkononi ana firigisi.

Mzee wangu, firigisi ya nyumba yoyote ni ya baba mwenye nyumba. Kila mama mkwe alipotutembelea nilikuwa naambiwa firigisi imeungua, au imechukuliwa na paka. Nilishaanza kumchukia paka. Siku hiyo nilielewa, na nakuapia kwamba nilikuwa na amani zaidi kabla sijaelewa. Mlio ule ulikuwa unampa nafasi ya kumaliza na kufuta mdomo.

Kwa mshtuko akaitia yote mdomoni. Nami kwa mshtuko nikamwambia shikamoo. Mtu mwenye firigisi nzima mdomoni hawezi kusema marahaba, na mimi kama mkwe siwezi kuondoka kabla sijaitikiwa. Tukabaki hivyo. Yeye anatafuna, mimi nimesimama na funguo mkononi, naangalia paa. Mwishowe alijifunika kanga usoni akaingia ndani, na kesho yake asubuhi akapanda gari la Mamboya. Ile marahaba sijaipata mpaka leo.

4. Lea ameninunia. Sasa ananisemesha kupitia ukutani kama alivyokuwa akifanya mama yake. Anasema kama mtoto atazaliwa bila bibi yake kuwepo, nitamwogesha mimi. Mzee Gerald, mimi nimezoea ndama. Naogopa kweli, na usiku wa kuamkia safari za Mikumi naogopa zaidi, maana Lea atabaki peke yake.

Najua utaniuliza kwa nini nisipige honi. Nimelifikiria hilo. Honi ni ya kufukuzia mifugo. Mwanaume anayempigia honi mama mkwe anamwambia atoke barabarani, na kwa kosa hilo wazee wa Mamboya watanidai mbuzi. Mlio wa jointi ulikuwa mpole, haukumlenga mtu, na ulianza wenyewe bila mimi kushika kitu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, Yared airudishe ile jointi ya zamani. Najua anayo, kwa sababu nimeiona ameining'iniza mlangoni kama tangazo la kazi yake. Kama haifungiki tena, basi aje Kilosa akae kwenye kona ya kwetu jioni, na akiniona nakuja agonge sufuria.

Pili, Umoja wenu uweke kanuni kwamba fundi asiondoe mlio wowote kwenye gari kabla ya kuitisha kikao cha familia, majirani wakiwepo, na wenye mbuzi wakipewa nafasi ya kusema.

Tatu, milio yote ya magari ya Kilosa na Mikumi iandikishwe kama urithi wa wenyewe, ili breki inayolia ya baba imfikie mwanawe ikiwa bado inalia. Watakaokaidi, watengenezewe magari yao mpaka yanyamaze kabisa, waone maisha yatakavyokuwa.

Nne, Yared mwenyewe apande Mamboya na doti moja ya kanga na jogoo mwenye firigisi ya kuonekana, amwombe mama mkwe radhi, kwa kuwa kunyamaza kwa gari ni kazi ya mikono yake na mimi nilikuwa dereva tu.

Nisalimie mafundi wote hapo Mikumi, wapaka rangi, wachomeleaji, na yule mama wa chai ya maziwa. Yared pia msalimie, kwa kuwa ugomvi wetu ni wa kazi. Nakutakia vyuma vinavyofunguka bila kukatika.

Ni mimi mwenye gari lisilosikika,
Damiano Senyagwa.

N.B. Barua hii ilikaa kwenye shati langu nikisubiri mtu wa kuileta, na mambo yamebadilika. Lea amejifungua mtoto wa kike salama. Mama mkwe alirudi mwenyewe kabla hata sijamtafuta. Amemwambia Lea kwamba hakuondoka kwa aibu: nyani walikuwa wameingia kwenye mahindi yake. Na kuhusu mlio, anashangaa ni mlio gani unaozungumzwa, maana masikio yake yana uzito tangu zamani. Alikuwa anaondoka barazani kila jioni kwa sababu jua linaipiga.

Mtoto ndani ya nyumba analia bila kupumzika. Akiwekwa kwenye gari nikazunguka mtaa, analala. Kwa hiyo jioni mimi naendesha na mama mkwe anakaa nyuma na mjukuu wake, tumetenganishwa na kiti tu. Kama Yared ameshaanza kuishusha ile jointi mlangoni, mwambie aiache hapo. Na kama ana nafasi aniangalie tairi la kulia, maana jana kona ya kushoto ilitoa ta moja, mtoto akafumbua jicho.

Hapo ndipo mama mkwe alipozungumza nami moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Alisema, "Baba, kata kona polepole, mtoto kalala." Nikamwambia shikamoo bila kugeuka. Safari hii mdomo wake ulikuwa mtupu, akaniitikia.